Soko Huria Lianzie kwa Mchuuzi

Kila Bunge la Uingereza linapofungua kikao kipya, Mfalme huketi katika Baraza la Malodi huko Westminster, na wabunge wakiwa wamesimama mlangoni, akasoma hotuba ambayo hakuiandika yeye bali imeandikwa na mawaziri wake, na ndani ya hotuba hiyo hutajwa miswada ambayo serikali imekusudia kuifikisha mwisho kabla kikao hakijafungwa. Kwa majuma mengi kabla ya siku hiyo London hujaa nyaraka na risala za makundi mbalimbali, kila kundi likitaka haja yake iingizwe katika orodha. Na miongoni mwao hawakosekani wapenzi wa soko huria, ambao mojawapo ya ngome zao za fikra ni Taasisi ya Mambo ya Uchumi iliyoasisiwa mwaka 1955 na Antony Fisher, na ambao madai yao makubwa yanajulikana hata kabla hayajasemwa: kodi ya mapato ipunguzwe, kodi ya makampuni ipunguzwe, kanuni za mabenki zilegezwe.

Mimi ni katika wanaoamini kwamba mtu kuachiwa anunue, auze na afanye kazi kwa hiari yake, bila ya kuipigia ofisi magoti, ni haki kabla ya kuwa faida, na kwamba dola inayowanyima watu wake haki hiyo hujifukarisha yenyewe. Walakini sioni kwamba madai hayo yanaanzia mahali panapostahili. Tarehe 23 Septemba 2022 serikali ya Liz Truss, iliyojinadi kwa jina la uhuru wa soko, ilitangaza kukiondoa kiwango cha juu cha kodi ya mapato, yaani asilimia 45, ambacho hulipwa na wenye mapato makubwa peke yao. Soko lenyewe la fedha likaingiwa na hofu, pauni ikaporomoka, na tarehe 3 Oktoba tangazo hilo likafutwa. Tangu hapo, kulitaja soko huria mbele ya mtu wa kawaida ni kumkumbusha jinsi riba ya mkopo wa nyumba yake ilivyopanda. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu watu wanaouhitaji uhuru huo kuliko wengine wote si wenye mabenki, bali ni wale wanaofunga mizigo yao alfajiri; na kwa hao sheria za nchi hii zimejaa makufuli ambayo kikao kimoja cha Bunge, kikiwa na nia, kingetosha kuyafungua.

Tuchukue mfano wa mama aliyetoka Tanga, au Mombasa, au Barawa, anayekaa Barking ama Tottenham, ajuaye kupika maandazi, sambusa, kachori na mkate wa kumimina, na ambaye anataka ujuzi wake huo uwe riziki. Sharti aiandikishe kazi yake kwa halmashauri ya manispaa siku 28 kabla hajaanza kuuza. Uandikishaji huo hauna malipo, na halmashauri haina uwezo wa kuukataa. Kisha huja mkaguzi, akafungua jokofu, akauliza nyama mbichi huwekwa wapi, akatazama mahali pa kunawia mikono na kitambaa kinachofutia meza, na mwisho akatoa daraja baina ya sifuri na tano. Katika hayo sina la kulalamika. Mlaji ana haki ya kukingwa na madhara, na hisba, yaani ukaguzi wa soko, ya namna hii, inayomwacha mtu aanze kazi na kumchunguza akiwa ndani yake, ni ya insafu na inatosha.

Mama huyo akishuka na sinia lake barabarani, mambo hugeuka. Katika manispaa nyingi za London biashara ya barabarani huongozwa na Sheria ya Mamlaka za Mitaa za London ya 1990, ambayo kwayo hapana awezaye kuweka meza njiani ila kwa leseni, na leseni yenyewe hutaja mtaa, hutaja mahali penyewe ndani ya mtaa, hutaja siku, hutaja saa, na hutaja aina ya bidhaa, hata mwenye leseni ya matunda akitundika mitandio huwa amevunja masharti. Asiye na leseni huweza kushtakiwa na kutozwa faini ifikayo pauni 1,000, na bidhaa zake huweza kuchukuliwa na maofisa mbele ya wateja wake. Hata hayo ningeyavumilia, maana njia ni ya watu wote na lazima pawepo utaratibu wa kuigawa, lau si sababu moja iliyotiwa katika sheria hiyo ilipotungwa: kwamba halmashauri yaweza kumkatalia mwombaji kwa hoja kuwa katika mtaa ule, au mtaa unaopakana nao, wamekwisha kuwako wauzaji wa kutosha wa bidhaa anayotaka kuiuza. Chakula chake si kichafu, meza yake haizibi njia, jirani hakulalamika. Kosa lake ni moja tu, kwamba amekuja kushindana. Na ni ofisa gani awezaye kujua, kabla mnunuzi hajatia mkono mfukoni, kwamba wauza maandazi wametosha? Ajuaye ni mnunuzi, naye huitoa hukumu yake kila asubuhi kwa kusimama mbele ya meza hii na kuipita ile. Kumpokonya hukumu hiyo na kuikabidhi kwa karani ni kumdhulumu yeye sawasawa na kumdhulumu mama mwenye sinia.

Sheria hiyo hiyo humruhusu mwenye leseni kumteua jamaa yake airithi nafasi yake atakapofariki, atakapostaafu au atakaposhindwa na maradhi. Sizionei husuda familia zilizosimama miaka mingi katika baridi ya Ridley Road kule Dalston, sokoni ambamo Wayahudi walitangulia, wakafuata watu wa Karibiani, Waafrika na Waturuki, na ambamo leo mwenzetu hupata mihogo, bamia, ndizi za kupika na vitenge kama aliyetoka nyumbani kwake kwenda gengeni. Masoko ya namna hiyo yalijengwa na wageni waliopata pa kusimama. Ninalolipinga ni kumfanya mgeni wa leo asubiri kiti ambacho sheria yenyewe imekwisha kumwekea mwana wa aliyemtangulia.

Tabia hii ya kulizungushia soko ukuta ni ya kale katika mji huu. Mwaka 1327 Mfalme Edward wa Tatu aliupa Mji wa London, yaani ile maili moja ya mraba ya wafanyabiashara wakubwa, hati ya kwamba soko jingine lisifunguliwe ndani ya maili sita na theluthi mbili kutoka kwao; kipimo hicho kilihesabiwa kwa mwendo wa mkulima anayekwenda sokoni kwa miguu, akauza mazao yake na kurejea kwake siku ile ile. Mkulima wa namna hiyo hayuko tena, lakini hati imeishi karne saba, na kwa nguvu yake wenye Mji wamewahi kuwadai leseni na ada watu waliotaka kuanzisha masoko katika manispaa za mbali, ambamo hakuna hata jiwe lililo la kwao.

Sisi wa pwani tumelelewa katika mapokeo mengine. Imepokewa katika vitabu vya fiqhi kwamba nafasi ya sokoni huamuliwa kama nafasi ya msikitini: aliyetangulia kufika ameipata mpaka atakapoondoka, na kesho yake atakayewahi ndiye mwenyewe. Alikuwako muhtasibu, aliyetazama mizani na pishi, akachungua maziwa yaliyotiwa maji na nafaka iliyolowanishwa ili izidi uzito. Lakini mapokeo hayo hayakumpa kazi ya kuhesabu wachuuzi na kusema kwamba wametosha, na Mtume mwenyewe, bidhaa zilipopanda na watu wakamwomba awapangie bei, alikataa. Naileta habari hiyo kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kudhani kwamba uhuru wa soko ni fikra ya kigeni tuliyopakuliwa na mabenki ya Washington, ilhali masikio ya babu zetu yaliisikia darasani kabla Adam Smith hajachapisha kitabu chake hapa London mwaka 1776.

Bunge halihitaji hata kubuni dawa, kwani dawa limekwisha kuitunga. Mwezi wa Julai 2020, mikahawa ilipokuwa inakufa kwa sababu ya korona, lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wenye mikahawa kutoa meza na viti nje, kwa ada isiyozidi pauni 100, kwa wiki moja ya kupokea maoni ya watu na wiki nyingine ya halmashauri kuamua. Na halmashauri ikinyamaza mpaka muda ukapita, kibali kilihesabiwa kuwa kimetolewa. Ukimya wa ofisi uligeuzwa kuwa idhini. Mitaa ya London ikajaa viti, na mpango huo ukaonekana mwema kiasi kwamba mwaka 2023 ulifanywa wa kudumu, ada ikipandishwa na siku zikiongezwa. Basi mwenye mkahawa, ambaye tayari ana paa juu ya kichwa chake na mkataba wa pango, alifunguliwa njia hiyo hiyo ambayo mwenye meza moja bado amefungiwa. Ningependa kikao kijacho kiwe na mswada mfupi, wa kurasa chache tu, unaoufikisha utaratibu ule kwa wachuuzi wa barabarani: ada yenye mpaka, muda wenye mpaka, ukimya uwe ruhusa, na ile hoja ya wauzaji wa kutosha ifutwe isionekane tena.

Nchi hii ilikwisha kumjua mchuuzi zamani. Sheria ya Wachuuzi ya mwaka 1871 bado ni hai, na kwa mujibu wake mtu mwenye umri wa miaka 17 na zaidi, mwenye sifa njema, huenda polisi akalipa pauni 12 na senti 25, akapewa cheti cha kumwezesha kuuza akitembea mji kwa mji na mlango kwa mlango. Sharti lake ni kwamba asitue, maana akisimama mahali pamoja kungoja wateja hukumu ya leseni humshika. Msomaji wa Dar es Salaam atavikumbuka vitambulisho vya wamachinga alivyovigawa Rais Magufuli kuanzia Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, ambavyo kwa muda viliwaondolea watu wadogo adha ya kufukuzwa na mgambo, mpaka mwaka 2021 walipoamriwa kuhama kandokando ya barabara na kupelekwa katika maeneo waliyotengewa. Kule na huku, mtu mdogo amepewa ruhusa kwa mkono mmoja na kuwekewa mpaka kwa mkono wa pili. Na mpaka huo, pale ambapo hautokani na usalama wa wapitao, aghalabu hutokana na mwenye duka aliyelalamika.

Nimekaa sana barabarani, na liko jambo zito kuliko hilo. Mtu akifika Uingereza na kuomba hifadhi, haruhusiwi kufanya kazi. Anaweza kuomba idhini baada ya kungoja miezi 12 bila ya kujibiwa, na akiipata idhini hiyo humfungulia kazi zilizomo katika orodha ya serikali peke yake, wala hawezi kujiajiri, yaani hata yule mama wa maandazi akiwa katika hali hii haruhusiwi kuuza andazi moja. Mpaka mwaka 2002 muda wa kungoja ulikuwa miezi sita, ukaondolewa, na hakuna serikali iliyofuata, ya chama hiki wala ya chama kile, iliyourudisha. Anayengoja hupewa takriban pauni 49 kwa wiki za chakula, nguo na nauli, na akiwekwa katika hoteli inayompikia hupewa chini ya robo ya hizo. Na katika mwaka wa fedha 2024/25 serikali ilitumia zaidi ya pauni bilioni 2 kwa hoteli hizo peke yake. Tazama, basi, hesabu ya mambo: fundi wa magari kutoka Bukavu, mwenye mikono yake mizima, hukalishwa kitandani kwa gharama ya mlipa kodi, ndipo huyo mlipa kodi aambiwe na magazeti kwamba wageni ni wavivu wanaokula jasho lake.

Wanaoitetea sheria hii husema kwamba kazi ni mvuto, na kwamba mlango ukifunguliwa watu watazidi kuja. Sijaona burhani ya hilo. Mtu anayeivuka bahari ya Uingereza kwa mtumbwi wa mpira hakusoma kanuni za Wizara ya Mambo ya Ndani. Na yule aliyekusudia kazi na si hifadhi huipata kazi hiyo gizani, katika uoshaji magari na majiko ya uani, kwa ujira wa chini ya sheria na chini ya mwajiri anayejua kwamba hataweza kumshtaki. Marufuku imeiondoa kazi mbele ya jicho la sheria, ikaiacha palepale ilipokuwa.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Uganda, nchi ambayo pato la mtu wake ni sehemu ndogo sana ya pato la Mwingereza, ilitunga Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inayompa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kufungua biashara na kwenda atakako ndani ya nchi; na Wakongo na Wasudani Kusini aghalabu hutambuliwa kwa jumla yao, bila ya kungoja miaka kesi ya kila mtu. Imewapokea zaidi ya milioni moja na nusu. Katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Kiswahili cha Kongo husikika katika vinyozi, katika mashine za kusaga mahindi, katika vibanda vya kutuma fedha kwa simu na katika maduka ya nguo, vyote vikiwa ni vya wakimbizi. Maisha yao si mepesi, na mgawo wa chakula umekatwa mara kadhaa kwa sababu wafadhili wamejitoa. Lakini hakuna anayewakataza kujitafutia. Nchi maskini imeweza kuwaamini watu hao na mikono yao, na nchi tajiri yenye kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama inashindwa.

Adam Smith, ambaye jina lake hutajwa katika kila karamu ya wapenzi wa soko hapa Westminster, aliandika kwa ghadhabu juu ya sheria ya mwaka 1662 iliyowezesha maskini kurudishwa katika parokia alikotoka asije akawa mzigo kwa parokia aliyohamia. Kumwondoa mtu asiye na kosa katika parokia aliyochagua kukaa aliona kuwa ni uvunjaji ulio wazi wa uhuru wa asili na wa haki. Nawauliza wanaojiita wanafunzi wake: iwapo wanaiamini hoja hiyo, mbona katika risala zao kodi ya makampuni hutangulia na mwomba hifadhi hatajwi? Miezi sita badala ya 12, kazi yoyote badala ya orodha, na ruhusa ya kujiajiri: mambo matatu hayo hayataki fedha ya hazina, bali huirudishia.

Wako watakaonijibu kwamba soko huria tulilionja katika Afrika Mashariki na hatukupenda ladha yake. Kwamba ruzuku ziliondolewa, ada za shule na hospitali zikaja, na viwanda vikauzwa kwa bei ya kutupa kwa watu waliovigeuza maghala. Ni kweli, na sitathubutu kumwambia aliyeyaona kwamba hakuyaona. Lakini na tukumbuke pia yaliyotangulia. Zanzibar, mwaka 1937, serikali ya kikoloni iliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu haki ya pekee ya kununua karafuu za kupeleka ng'ambo. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, Chama cha Congress kikawaunga mkono huko India, ambako walikuwako baadhi ya wanunuzi wakubwa, na biashara ya visiwa ikazorota mpaka wakasuluhishwa mwaka 1938. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ukiritimba ulirudi kwa mkono wa serikali yenyewe, na kwa miaka mingi mkulima wa Pemba, ambaye alipanda mti akitegemea wajukuu, alilipwa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, hata karafuu zikawa zinavuka usiku kwa magendo kwenda Mombasa. Bara nako vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, mazao yakatiwa mikononi mwa mamlaka za serikali, na ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 sabuni, sukari na khanga vilikuwa vitu vya kupangia foleni. Bajeti ya 1984, wakati Cleopa Msuya alipokuwa Waziri wa Fedha, iliwaachia watu walio na fedha za kigeni waingize bidhaa, na Rais Mwinyi aliyeshika nchi mwaka uliofuata akaiendeleza njia hiyo mpaka watu wakamwita Mzee Ruksa. Duka likajaa. Uhuru wa muuza khanga na uuzaji wa kiwanda cha umma kwa swahiba wa waziri ni mambo mawili, na ni kwa kuyachanganya ndipo la kwanza lilipopata jina baya la pili.

Ndiyo maana natenga baina ya kazi za serikali nisizotaka ziguswe na zile ninazotaka ziachwe. Mizani ikaguliwe, chakula kikaguliwe, mkataba uheshimiwe, kima cha chini cha mshahara kilipwe hata kwa yule asiyejua Kiingereza. Lakini kumwamulia mtu kwamba asifanye kazi, au kwamba wenzake wanamtosha mteja, hiyo si hisba.

Juu ya nyumba nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wengine wamelisema sana. Tangu Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1947 hapana mwenye ardhi aliye na haki ya kujenga juu yake ila apewe idhini, na kuizunguka London umewekwa Ukanda wa Kijani ulio mara tatu na zaidi ya ukubwa wa mji wenyewe, ambao ndani yake mna mashamba makavu na viwanja vya gofu kama zilivyomo bustani nzuri. Serikali imeahidi nyumba milioni moja na nusu kwa England nzima katika muda wa Bunge hili, na kwa hesabu yake London huhitaji takriban 88,000 kila mwaka. Sheria mpya ya mipango iliyopitishwa mwishoni mwa 2025 imepunguza baadhi ya vizuizi, lakini haikuugusa msingi: kwamba kila nyumba ni ombi, na kila ombi hungoja kamati. Ninataka ardhi iliyo karibu na stesheni za reli iwe na ruhusa ya asili, ambapo afuataye kanuni zilizoandikwa za urefu, za usalama wa moto na za mwanga anaanza kujenga bila ya kuomba. Familia zetu zinazolala watu watano katika vyumba viwili kule East Ham haziumizwi na uchache wa matofali.

Kodi ya majengo ya biashara nayo imewekwa hivi kwamba duka ambalo thamani yake ya pango kwa hesabu ya serikali haizidi pauni 12,000 husamehewa yote, na msamaha hupungua mpaka kufika 15,000. Kipimo hicho ni kimoja kwa nchi nzima, na kwa hiyo kinyozi wa mji mdogo wa kaskazini husamehewa, na mwenzake wa Peckham, mwenye viti vile vile na wateja wale wale, hulipa kwa sababu pango la London ni ghali. Kipimo kifuate pango la mahali. Na ule ushuru wa asilimia 8 juu ya maua yaliyokatwa, uliosimamishwa mwezi wa Aprili 2024 kwa miaka miwili tu, ufutwe moja kwa moja: maua ya Naivasha yakija London moja kwa moja huingia bure kwa mapatano ya Kenya na Uingereza, lakini yakipitia mnada wa Uholanzi huweza kudaiwa ushuru, na mchuma waridi, ambaye hana habari ya njia liliyopitia, ndiye ambaye ujira wake hubanwa.

Mwaka 1846, katika kikao kimoja, Bunge hili lilizifuta Sheria za Nafaka, zilizokuwa zimeanza 1815 kwa kuizuia ngano ya nje mpaka bei ya ndani ipande, ili mwenye shamba astawi na mla mkate alipe. Robert Peel aliyepitisha ufutaji huo alivunjikiwa na chama chake na kutoka madarakani kabla mwezi wa Juni haujaisha. Hakuna waziri wa leo ninayemtaka afanye kubwa kiasi hicho. Miswada ninayoitaja ni midogo, na kelele zitakazopigwa juu yake zitakuwa ndogo, isipokuwa juu ya kazi za waomba hifadhi, ambako zitakuwa kubwa, na ambako ndiko nitakakompima mbunge wangu.

Na hapa pana jambo ambalo wengi wa ndugu zetu hawalitumii. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayekaa Uingereza kwa idhini halali ana haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge, ijapokuwa hajachukua uraia wa hapa. Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wote wamo. Mkongo hayumo, Msomali hayumo, Mwomani hayumo, mpaka wapate uraia. Wabunge wengi hutenga siku za kukutana na wakazi wa jimbo, aghalabu Ijumaa au Jumamosi, katika maktaba au ukumbi wa kanisa, na mkazi yeyote, mwenye kura na asiye nayo, huweza kuomba nafasi ya kuonana na mbunge wake. Aliye na kura na aende, achukue swali moja la mchuuzi na moja la mwomba hifadhi, amwambie mbunge amwandikie jibu, na alilinganishe jibu hilo na kura atakayoipiga mbunge huyo Bungeni.